Sikio la Kazi na Sikio la Ndege

Kila Jumatatu asubuhi ofisi yetu hututumia ujumbe wa kututunza. Ofisi yenyewe iko Dar es Salaam, na mimi niko Mtinko, kaskazini mwa mji wa Singida, kwa hiyo natunzwa kwa simu. Tunaambiwa tunywe maji, tunyooshe mgongo, tusisahau familia, na kila mtu atenge walau nusu saa ya kukaa nje kwenye mazingira ya asili. Wiki moja wakataka picha. Wenzangu walituma maua ya kwenye kopo, matawi ya mwarobaini yanayochungulia juu ya ukuta wa jirani, na mmoja alituma kuku. Mimi nilituma picha ya mahali ninapofanyia kazi: uwele uliosimama mpaka macho yanapokomea, na nyuma yake yale mawe yetu makubwa ya kijivu. Wakanijazia mioyo. "Dada, umeula!" mmoja akaandika.

Nilikuwa juu ya dungu tangu jua halijachomoza, miguu imekufa ganzi, na huo ulikuwa mwezi wa pili wa kukaa kwenye mazingira ya asili.

Dungu ni jukwaa la miti linalosimamishwa katikati ya shamba ili mtu akae juu na kuwinga ndege, kuwafukuza wasile nafaka. Letu lina miguu minne, ngazi ya vipande vitano, na paa la nyasi linalofunika kichwa peke yake. Nilirudi nyumbani kumtunza mama baada ya baba kufariki, nikiwa na kompyuta yangu na sola ndogo, na katika kuzunguka kutafuta mtandao nikagundua kwamba nyumba yetu imejificha nyuma ya mawe na haipati kitu. Juu ya dungu mtandao unashika vizuri. Mama alifurahi sana kusikia hivyo. Alikuwa anatafuta mtu wa kuwinga ndege, na hapa mtu amepatikana mwenyewe, tena amekuja na kiti chake.

Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu. Wanarekodi vikao na semina zao, ofisi inaniletea sauti, mimi nasikiliza na kuandika neno kwa neno. Ni kazi ya masikio. Na kuwinga ndege, kwa jinsi mama anavyofanya, ni kazi ya masikio vilevile, maana kwelea, kale kandege kadogo kanakokuja kwa makundi, ukingoja umwone ameshatua. Mama alinifundisha kusikiliza mvumo wa mabawa kundi linapogeuka hewani. Ukiusikia huo, unapiga debe, unapiga kelele, unavuta kamba zenye makopo, unarusha donge la udongo kwa kombeo, na kundi linapita kwenda kwa mwingine. Pengine huyo mwingine ni mama mwenye watoto saba. Husikitiki. Unashukuru tu wamepita.

Basi nikajitengenezea utaratibu. Hedifoni niliivaa upande mmoja. Sikio la kushoto likawa la kazi, la kulia la ndege. Nilikuwa nasikia mkurugenzi fulani akifungua kikao upande huu, na upande wa pili upepo, makopo, mbuzi wa jirani, na kimya cha ndege ambacho nacho unajifunza kukisikiliza. Ndege huja asubuhi mpaka kama saa nne, hupumzika jua likiwa kali, hurudi saa kumi jioni. Kazi ya ofisi nayo huja asubuhi na kutakiwa saa nne, halafu nyingine jioni. Mchana, ambapo ndege na ofisi wote wamepumzika, ndipo nilipokuwa nateka maji, napika, nafua, nampeleka mama kuoga. Mume wangu anafanya kazi ya reli huko Itigi, huja mara moja kwa mwezi, na watoto wako bweni. Alipokuja mwezi ule alinikuta nimesinzia nimeshika mwiko. Alinitoa mwiko mkononi, akapika mwenyewe.

Sisemi haya ili nionewe huruma. Ninasema ili ieleweke nilikuwa nimechoka kiasi gani, kwa sababu nilifanya jambo ambalo nisingelifanya nikiwa nimelala vizuri. Au labda ningelifanya. Sijui.

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga, anaona kivuli cha mtu mlangoni, basi. Hospitali walisema anafanyiwa upasuaji na anarudi kuona, na tulishapangiwa siku. Mama akakataa. Alisema ataenda akishaning'iniza mbegu, kabla ya hapo hatoki nyumbani, na kama daktari ana haraka amtibu mwingine.

Mbegu ya uwele wetu hatununui. Mama alipewa na mama yake alipoolewa, naye amekuwa akiitoa shambani mwenyewe kila mwaka. Uwele ukikaribia kukauka hupita mstari kwa mstari akichagua masuke. Zamani alichagua kwa macho na mikono, sasa anachagua kwa mikono peke yake. Analipima suke kuanzia kiwikoni mpaka ncha za vidole, analibana kuona limejaa, anapitisha dole gumba juu ya punje. Akilikubali analifunga kitambaa cha khanga kuukuu, na mtu yeyote akikiona kile kitambaa anajua kwamba hilo suke haliguswi. Siku ya kuvuna yanakatwa hayo kwanza, yanafungwa pamoja, yanatundikwa juu ya mafiga jikoni yapate moshi, mpaka mvua za mwaka unaofuata.

Mwaka ule alifunga masuke kumi na mawili. Ilinichukua siku nzima kumshika mkono. Tulipomaliza alikaa chini ya dungu, akaniambia kwa Kinyaturu, ambacho hukitumia akitaka nisikilize, kwamba ndege wakila mengine wamekula uji wetu wa mwaka huu, lakini haya kumi na mawili niyasimamie. Nikamwambia, "Sawa, mama." Nilikuwa natazama simu, msimamizi wangu wa ofisini alikuwa ameandika.

Siku yenyewe ilikuwa kama siku nyingine. Mama alibaki nyumbani, mafua yamembana kifua. Mimi nilipanda dungu, nikapiga debe mara tatu za mwanzo ili ndege wajue kuna mtu, nikafungua kompyuta. Sauti ya siku ile ilikuwa ya kikao cha kamati ya ukumbi fulani, watu wanane wanabishana kuhusu mapazia. Inatakiwa saa nne. Mmoja wao alikuwa mbali na kinasa sauti, tena anaongea ndani ya meno, na siku mbili kabla msimamizi alikuwa ameniwekea alama nyekundu kwa maneno niliyoyaruka. Nikarudisha nyuma mara tano. Nikasikia "bluu" au "buluu ya" au sijui nini. Nikasema nivae pande zote mbili kwa dakika kumi tu, nimmalize huyu mzee, halafu nirudishe sikio la kulia kazini kwake.

Nikavaa. Na niseme kweli, ilikuwa raha. Hapakuwa na makopo, wala mbuzi, wala mtu wa kuniita. Zilikuwepo sauti za watu wanane tu, na mimi nilijua cha kuzifanya. Nilimmaliza yule mzee, nikaendelea na aliyemfuata, kisha mwingine, vidole vinakimbia. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi nilikuwa nafanya kitu kimoja. Nilipotuma kazi na kuvua hedifoni zilikuwa zimepita kama dakika arobaini.

Sauti niliyoisikia ilikuwa ya mafuta yanayokaanga kitu chenye maji. Shamba zima lilikuwa linakaanga. Nikapiga debe mpaka mkono ukauma, na uwele ukainuka hewani, ndivyo nilivyoona, nikadhani ni uwele wenyewe unaruka, kumbe ni ndege. Walipita juu yangu jua likapungua.

Nilishuka nikakimbia kwenye vitambaa. Vilikuwepo vyote kumi na viwili, kila kimoja kimefungwa pale mama alipokifunga. Masuke ndiyo hayakuwepo. Vilibaki vijiti vilivyochunwa, vyeupe, vina punje mbili tatu upande wa chini. Kitambaa hakimfukuzi ndege, sanasana nadhani kilimpa mahali pa kushika miguu. Nilikaa chini kwenye mstari nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Nilimchukia yule mzee wa mapazia ambaye hanijui. Nilimchukia hata mama, Mungu anisamehe, kwa kunipa masuke kumi na mawili kana kwamba sina kingine cha kubeba.

Mchana niliporudi nyumbani nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje, anachambua kunde kwa vidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndege vipi leo?"

"Walikuja kidogo. Nikawafukuza."

"Na vitambaa?"

"Vipo."

Akaendelea na kunde zake. Nikaingia jikoni, nikasimama mle gizani nikitazama ule mti ulio juu ya mafiga ambako mbegu hutundikwa. Nilijiambia sijadanganya, vitambaa vipo kweli. Halafu nikajiambia ataghairi hospitali. Hicho ndicho nilichokishika kama kisingizio, na mpaka leo sijui kilikuwa kisingizio kwa kiasi gani. Asipopata mbegu haendi, asipoenda macho yanakwisha kabisa. Kwa hiyo jioni, badala ya kuwinga ndege kwa masikio yote mawili kama mtu aliyejifunza, nilipita shambani nikifungua vitambaa kimoja kimoja na kuvihamishia kwenye masuke yaliyosalimika.

Nilijitahidi kuchagua. Nililipima kila moja kwa kiwiko kama nilivyomwona akifanya. Yalikuwa mafupi kidogo, mawili hayakujaa vizuri kwenye ncha. Niliyafunga kwa mkazo, fundo mara mbili, kitambaa kisije kikaanguka. Vile vijiti vitupu nilivikata nikavifukia chini ya dungu kama mwizi.

Siku zilizofuata sikuvaa hedifoni upande wa kulia hata mara moja. Alama nyekundu ziliongezeka na sikujali. Mama alipata nafuu ya kifua. Kila nikirudi aliniuliza ndege vipi, nami nilimjibu. Hakuuliza tena kuhusu vitambaa. Niliona ni bahati.

Tulivuna baada ya siku tisa. Asubuhi ile alijifunga khanga mbili, akachukua kisu kidogo cha mbegu, akaniambia nimpeleke kwenye vitambaa kabla wavunaji hawajafika. Nilimpeleka kwenye la kwanza, nikauweka mkono wake juu ya suke.

Hakulipima suke. Vidole vyake viliteremka mpaka kwenye kitambaa, vikakizunguka, vikalipata fundo. Alilibinyabinya muda mrefu.

"Hili umefunga wewe," akasema.

Nikauachia mkono wake.

"Mimi sifungi hivi. Mimi nafunga la kuvuta, moja, suke lisinyongwe." Akanyoosha mkono wa pili. "Nipeleke kwenye jingine."

Nikampeleka kwenye yote kumi na mawili. Kila fundo alilibinya, akaliachia, akanyoosha mkono nimpeleke mbele. Kwenye la mwisho alisimama akageukia upande uliokuwa na jua, kama afanyavyo akitaka kuona angalau mwanga.

"Siku ile debe lilinyamaza," akasema. "Nilikuwa nimelala ndani, nikalisikia lilivyonyamaza. Nikasema mwanangu atakuja kuniambia. Nikangoja siku hiyo, nikangoja na kesho yake."

"Mama, niliogopa hutaenda hospitali."

"Ningekwenda kuomba mbegu Kinyangiri kwa mdogo wangu. Yeye anayo, nilimpa mimi. Ndege kula uwele ni kazi yao, wamekula tangu sijazaliwa." Alikohoa kidogo, kile kifua kilikuwa hakijaisha kabisa. "Lakini macho yangu yanakwenda yenyewe, mama. Wewe usiyasaidie kwenda."

Aliniita mama, kama anavyoniita tangu utotoni akiwa amenihurumia, na hicho ndicho kilichonimaliza. Angenitukana ningepata pa kusimama.

Alianza kufungua vitambaa. Yale mafundo yangu yalikuwa yamekaza, ilibidi atumie meno. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma mkono kwa kiwiko, si kwa nguvu. Alivikunja vyote kumi na viwili akavifunga kwenye pindo la khanga yake. Masuke akanikabidhi.

"Haya katwange. Ni chakula."

Nikayatwanga siku hiyohiyo. Tulikula ugali wake jioni, sisi wawili, na hakuna aliyesema ulikuwa mtamu au mbaya.

Kesho yake aliniambia niende Kinyangiri, na maneno niyaseme mwenyewe, yote, bila kumpa mtu mwingine ayabebe. Niliandikia ofisi kwamba sitakuwepo siku nzima. Msimamizi akajibu kwamba ni vizuri kupumzika, mazingira yanasaidia. Nilizima simu nisije nikaandika kitu cha kunifukuzisha kazi.

Mama mdogo aliolewa kwa Wanyiramba huko zamani, na Kiswahili chake kimechanganyika na lugha tatu. Nilimkuta anapepeta. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza mama hajambo, mume hajambo, watoto hawajambo, reli haijambo. Kisha akaniuliza nimefuata nini.

"Nimekuja kuomba mbegu ya uwele."

"Mbegu? Kwani dada yangu ameishiwa?"

Nikamweleza. Nilianza na kwelea, nikaona naanza pasipo mwanzo, nikarudi nyuma mpaka kwenye hedifoni, yule mzee wa mapazia, vitambaa, na vijiti vilivyofukiwa chini ya dungu. Alisikiliza huku ungo umetulia mapajani. Nilipofika kwenye mafundo akafunika mdomo kwa kiganja, nikajua anazuia kicheko.

"Wewe nawe," akasema. "Dada yangu huyo anajua hata nani amefunga mbuzi. Huyo huwezi kumdanganya kwa fundo." Kisha kicheko kikaisha, akaniangalia vizuri. "Unalala, mwanangu?"

Nikamwambia silali sana. Hakuniambia ninywe maji wala ninyooshe mgongo. Alinitandikia mkeka nyuma ya nyumba, nikalala mchana ule mpaka jua likapinda, na alipoamua kuniamsha alikuwa ameshatoa masuke sita juu ya mafiga yake, nusu ya mbegu yake, ameyafunga kwenye gazeti.

Niliporudi Mtinko, mama alikuwa jikoni amekaa kwenye kigoda. Moto ulikuwa mdogo, wa kuni moja. Nilifungua gazeti sakafuni. Njiani nilikuwa nimeyakagua, nikakuta moja limeanza kutobolewa na wadudu upande wa chini, pale ambapo vidole vya mtu asiyeona huenda visifike. Nilikuwa nimelitazama kwa muda garini.

"Mangapi?" akauliza.

"Sita. Moja lina wadudu, huku chini kwenye shina."

Akanyoosha mkono. Nikampa. Alilipapasa kuanzia ncha, polepole, mpaka chini, dole gumba likafika kwenye matundu na kusimama hapo.

"Kweli lina wadudu," akasema, akaliweka pembeni.

Baada ya mavuno niliomba ofisini wanihamishie kazi zangu mchana. Walinipa, na za mchana ni nyingi zaidi na sauti zake ni mbaya zaidi. Asubuhi na jioni sina ninachokivaa masikioni, mama akiita namsikia. Wiki ijayo tunaenda hospitali, ameshakubali, tayari amefunga nguo zake mbili kwenye kitenge. Akirudi ataniona nilivyokonda, na sijui ataniangaliaje.

Siku ile jikoni nilimwambia yale matano yaliyobaki ni mazima. Sikuwa nadanganya. Mama akanyoosha mkono tena, akayapapasa yote matano, moja baada ya jingine, kila upande, nami nikamsubiri amalize.